Zana za mkono: zipi ununue kwanza, zipi uziache

Spana namba 13 ilinifunguka mdomo nikiwa nimelala chini ya gari. Nati haikusogea hata kidogo. Mdomo ndio uliopanuka, ukazilamba kona zote sita, na kazi ya dakika tano ikaishia kwa msumeno wa chuma jioni. Spana ilikuwa mpya, inang'aa, imechapwa "Chrome Vanadium" ubavuni. Ile niliyokuwa natumia kabla yake, iliyopauka na kupoteza rangi, ingeifungua nati hiyo bila kelele.

Kila fundi ana kisa cha namna hii, na wengi hukimalizia kwa maneno yale yale: zamani zana zilitengenezwa nyumbani, siku hizi zinatoka ng'ambo, ndiyo maana hazifai. Nimekuwa nikiamini hivyo kwa muda mrefu. Sasa naona lawama imeangukia mahali pasipo penyewe, na mnunuzi anayefuata jina la nchi pekee hudanganywa kirahisi.

Tuanze na chuma. Kromu na vanadi hutoa chuma kizuri, ila jina la chuma ni nusu ya habari. Nusu nyingine ni moto: chuma hupashwa mpaka kiwe chekundu, kikazamishwa kwenye mafuta, kisha kikapashwa tena kwa kiasi ili kilegee kidogo. Kikibaki kigumu mno, hukatika ghafla. Kikilegezwa kupita kiasi, hufunguka mdomo kama spana yangu. Kila zana ina ugumu wake: kwa kipimo cha Rockwell spana nzuri hukaa kwenye 40 na kitu, tupa hufika 60 na zaidi, na makali ya koleo la kukatia waya pia hupita 60. Anayetaka kubana gharama bila wewe kugundua hubana hapo kwenye moto, maana kromu iliyopakwa juu itang'aa vilevile.

Na alama ya nchi? Mwaka 1887 Uingereza ilitunga sheria iliyotaka bidhaa za kigeni zionyeshe zilikotoka, kwa sababu visu vya Ujerumani vilikuwa vikiuzwa kana kwamba ni vya Sheffield, mji wa Uingereza uliosifika kwa visu. "Made in Germany" ilikuwa onyo kwa mnunuzi. Haikuchukua miaka mingi ikageuka kuwa sifa. Wajerumani hawakubadilisha maneno, walibadilisha kazi.

Kisa cha zana za Craftsman kinafundisha zaidi. Jina hilo lilikuwa la Sears, kampuni ya maduka ya Marekani, tangu 1927, na Sears haikuwa na kiwanda chake cha zana. Iliagiza kwa watengenezaji wengine kwa masharti yake na kuahidi kubadilisha zana ya mkono iliyovunjika, maisha yote. Kazi ilipohamia Asia, wateja waliona wamepokonywa kitu chao. Stanley Black & Decker ikalinunua jina hilo mwaka 2017, na mwaka 2019 ikatangaza kiwanda kipya Fort Worth, Texas, cha dola milioni 90, chenye mitambo ya kujiendesha, ili spana na soketi zitengenezwe tena Marekani. Mitambo haikufanya kazi ilivyotarajiwa. Mwaka 2023 ikatangazwa kwamba kiwanda kinafungwa. Fedha zilikuwapo, jina lilikuwapo, na nia ilikuwapo. Mikono iliyojua kufua chuma ndiyo iliyokuwa imekwisha kutawanyika, na hiyo hainunuliwi kwa mwaka mmoja wala miwili. Ninalisikitikia jambo hili kuliko suala la bendera.

Kwa hiyo mpangilio wangu, kuanzia cha kununua kwanza, ni huu.

Kwanza: kiwanda kinachotengeneza kitu kimoja na kukijua. Kwa koleo, Knipex ya Wuppertal imekuwapo tangu 1882 na koleo ndiyo kazi yake. Kwa tupa, Vallorbe ya Uswisi, tangu 1899. Kwa nyundo ya chuma kitupu, Estwing ya Rockford, Illinois, ambayo kichwa na mpini wake hufuliwa kama kipande kimoja. Kwa bisibisi, Vessel ya Osaka au Wera. Na hii Wera ni ya Ujerumani yenye kiwanda kikubwa Jamhuri ya Cheki, wala sijasikia fundi akilalamika kwamba bisibisi yake imevuka mpaka. Kampuni ilihama na utaratibu wake, kipimo chake na watu wa kukataa kipande kibovu. Hapo ndipo tofauti ilipo.

Pili: zana kuukuu. Jiliwa, patasi, randa, nyundo na spana za kufuliwa zilizotumika miaka mingi zimeshafanyiwa mtihani na mtu mwingine. Kutu isikuogopeshe, inaondoka. Kiogope kitu kilichopasuka, na jiliwa la chuma cha kusubu lililochomelewa liache lilipo. Patasi ijaribu kwa ncha ya tupa karibu na makali: tupa ikiteleza, chuma bado kigumu, ikiuma kirahisi, ugumu uliotiwa na moto ulishatoka. Usinunue kuukuu tupa wala zana za kazi ya umeme. Tupa iliyotumika imeliwa meno, na ganda la kukinga umeme huzeeka bila kuonyesha.

Tatu: Taiwan. Soketi na racheti nyingi zenye majina makubwa hutoka huko, hasa maeneo ya Taichung. Kwa mtu anayeanza, hapa ndipo fedha yake inapofanya kazi kubwa zaidi.

Nne: jina kubwa la zamani lililouzwa. Bahco ya Sweden, iliyotuletea spana malaya (ile ya mdomo unaorekebishika) aliyoibuni J. P. Johansson na kupata hataza mwaka 1892, ni mali ya Snap-on ya Marekani tangu 1999. Facom ya Ufaransa iko chini ya Stanley tangu 2006. Sisemi ni mbovu, na nyingine ni nzuri sana. Nasema jina moja sasa linaweza kubeba zana za viwanda vitatu katika nchi tatu, kwa hiyo shika kipande chenyewe, usinunue kumbukumbu za baba yako. Soma maandishi kwa makini pia. "Imebuniwa Ujerumani" haisemi ilifuliwa wapi. Nchini Marekani, tangazo la "Made in USA" lisilo na nyongeza hudai bidhaa iwe yote, au karibu yote, ya huko. Likifuatiwa na maneno kuhusu malighafi za kutoka duniani kote, ni ahadi nyingine.

Mwisho kabisa: sanduku la zana la vipande 150. Nusu hutavigusa, na vile kumi utakavyovihitaji kila siku ndivyo vitakavyokuvunja moyo. China inatengeneza zana bora kwa anayeagiza bora na kukagua. Sanduku hili liliagizwa liwe la bei rahisi, na kiwanda kilitii.

Popote utakaponunua, tumia mikono yako kabla ya kulipa. Ivishe spana kwenye kichwa cha bolti uitikise. Ikicheza, itakula kona. Funga koleo uliinue kwenye mwanga: makali yakipitisha mwanga, waya mwembamba utakunjika badala ya kukatika. Ncha ya bisibisi iwe na kingo kali, isiwe ya duara kama imelambwa. Mpini wa nyundo wa mti, angalia nyuzi zake zinyooke hadi mwisho. Kwa kazi ya umeme, dai alama ya IEC 60900 (kiwango cha kimataifa cha zana zinazokinga umeme) na 1000 V, na ukikosa, rudi mikono mitupu.

Kama fedha ya mwezi huu inatosha zana moja tu, nunua koleo zuri. Mwezi ujao spana namba 10, kisha 13, kisha 17, mojamoja.