Pelleti za agroveti kwa sungura mchanga: zinafaa, ila kwa kipimo

Pelleti za sungura, yaani chakula kilichoshindiliwa kuwa vipande vidogo, zinazopimwa kwa kilo madukani hutungwa kwa sungura wa nyama, anenepe upesi. Kwa sungura wa kufuga ndani, mwenye wiki 8 hivi, zinafaa, ila zisiwe ndizo mlo wenyewe.

Kabla hujapimiwa, soma lebo ya gunia: nyuzinyuzi asilimia 18 au zaidi, protini 14 hadi 16. Gunia lisilo na lebo, achana nalo. Kisha teka konzi moja, uisugue. Pelleti nzuri hubaki nzima na hunukia nyasi kavu. Vumbi jingi maana yake zimekaa sana, na harufu ya uvundo ni ukungu. Zikichanganywa na mahindi au mbegu, sungura huchagua vitamu na kubakiza nyuzinyuzi. Hizo usinunue hata kwa bei ya kutupa.

Thamani ya kweli ni robota la nyasi za boma rhodes. Ziwe mbele yake usiku na mchana, kwa kuwa meno hayaachi kuota na utumbo usiopata nyuzinyuzi husimama. Changanya na lusani (alfalfa), yenye kalsiamu nyingi, mpaka miezi 6 au 7, kisha uiondoe: kalsiamu ikizidi huganda kibofuni kama mchanga. Akishakua, pelleti gramu 25 kwa kila kilo ya uzito zinatosha.

Ukibadili pelleti, changanya za zamani na mpya kwa siku 7 hadi 10, la sivyo ataharisha. Akigoma kula kwa muda wa saa 12, mpeleke kwa daktari wa mifugo, usingoje kesho.