Wiki tatu za "ndoo kesho" kwa kazi ya dakika sita

Jamani naandika hasira bado zinanichemka kwa hivyo mnivumilie. Dikoda yetu, hizi za bure zisizolipiwa mwezi, nilijifanya mjuaji nikaiapdeti mwenyewe nyumbani hapa Amu (Lamu). Faili kwenye flashi, nikabonyeza ndiyo, ule mstari ukaanza kujaa vizuri tu, umefika nusu hivi, paa! Stima ikaenda mtaa mzima. Iliporudi dikoda ikawaka taa nyekundu, ikaandika "boot" na ikagandia hapo hapo. Rimoti haisikii, TV nyeusi ti. Na Ramadhani ishabisha hodi, na dikoda yenyewe kwa haki ni ya nyanyangu, kila usiku akishaswali isha anatazama Makka laivu, hataki kingine.

Nikaipeleka kwa fundi mmoja huko vichochoroni Langoni, jina namsitiri. Kaigeuza mara moja tu, akanambia mbele ya watu, "Na wewe nani kakwambia u injinia?" Wote wa barazani kicheko. Nami nikacheka, ningefanyaje.

Halafu akasema ati pengine ni dishi letu limeliwa na chumvi. Dishi! Ni kweli lina kutu, madishi ya huku yanalala yanatazama juu kama bakuli la uji, mvua yote inaingia mle, lakini fundi gani hajui kwamba dikoda iliyokwama kwenye kuwaka hata dishi haijaliuliza? Hapo ndo ningechukua kitu changu nikaondoka. Sikuondoka.

"Yeo sina nafasi, ndoo kesho," yaani leo hana nafasi, nije kesho. Kesho nikaenda, ndoo kesho. Mara ana harusi Shela, mara kebo kaazimwa na mtu wa Mokowe. Kwa ndoo nilizopewa ningejaza birika la msikiti. Siku moja kageuka kumhudumia mteja, nikapitisha kidole juu ya dikoda yangu pale rafuni, nikachora msalaba mdogo kwenye vumbi. Wiki iliyofuata msalaba uko vile vile, na juu yake vumbi jipya! Na huku mwezi umeshaandama, nyanya anatazama Makka kwa simu yangu, anaiweka karibu na pua, bando linakwisha hata taraweh hazijafika katikati.

Basi juzi baada ya alasiri nikaenda nikakaa kwenye stuli yake, nikamwambia fundi, yeo sitoki. Kanitazama weee, akavuta laptop isiyo na herufi nusu, akatoa kebo nene ya pini tisa (siku zote ilikuwa kwenye droo!), akachomeka nyuma ya dikoda, akabonyeza kitu, ndo akaiwasha. Mstari ukaanza kutembea. Faili ya MB 4, dakika sita hivi, picha hii hapa. Ati ile sehemu ndogo ya kuwashia ilikuwa nzima, iliyokatika njiani ni programu yenyewe, na kama ingekufa ile ya kuwashia ingebidi ing'olewe chipu ya miguu minane ijazwe upya kwa mashine. Alinifundisha yote haya huku ananitukana, na kusema kweli anajua, anajua sana yule bwana.

Shilingi 1,500. Nilikuwa nishafungua mdomo tugombane, akauliza dikoda anatazama nani, nikamwambia nyanya. Akanyamaza, akatafuta setilaiti ya Badr ya digrii 26, akasachi upya, akaichukua Makka akaiweka namba moja kabisa bibi asihangaike na rimoti. Sikumwomba. Nikalipa kimya, nimwambie nini tena? Njiani nikasema moyoni nitaandika mumsifu huyu mtu, mdomo mchafu lakini mkono safi.

Nimefika nyumbani nachomeka, adapta si yangu. Yangu ilikuwa nyeusi waya mzima, hii ina tepu ya bluu shingoni na baada ya saa moja inachoma mkono. Sijui ni makosa, sijui ni makusudi, lakini wiki tatu mtu akae na mali yako, akufanye kichekesho, halafu na adapta abadilishe?

Nyanya ananiambia nyamaza mwanangu, picha si iko. Picha iko. Nitamrudia kesho.