App Inventor kwa klabu ya shule: apu inakuja fasta, kazi ni timu

Siku hizi kuna wanafunzi wengi wa sekondari wanaotaka vyote vitatu kwa mpigo, awe kiongozi shuleni, ajue teknolojia na awe na jambo analolipigania, iwe mazingira, iwe unyanyasaji, iwe vyoo visivyofungika milango, na akiuliza aanzie wapi anapewa jibu moja tu, kajifunze Python, ile lugha ya kuandika programu za kompyuta. Sina ugomvi na Python. Ila mtu mwenye hoja ya kuifikisha kwa wenzake, ana muhula mmoja mkononi na mitihani inamsubiri, mimi namwambia aanze na MIT App Inventor. Nalea klabu ya vijana wa namna hiyo kwahiyo nimeiona ikitumika sana, na nitasema na pale inapokera maana inakera.

Kwa asiyeijua, ni tovuti, unaifungua kwenye brauza na unatengeneza apu ya simu kwa kuburuta bloki, yaani vipande vya maelekezo, na kuzipachika, hakuna kuandika mistari ya programu. Ilianzia Google mwaka 2010, walioiongoza ni Hal Abelson wa MIT, chuo kikuu cha teknolojia cha Marekani, na Mark Friedman wa Google, mwishoni mwa 2011 Google wakaachana nayo, MIT wakaichukua na toka 2012 wanaiendesha wenyewe. Ni bure, na ni bure kweli, hakuna mtu atakayekuomba namba ya kadi baada ya wiki mbili. Unaingia kwa akaunti ya Google, na usiyetaka kuna mlango wa wageni ambao wanakupa msimbo wa kurudia, huo uandike kwenye daftari kabisa maana ukiupoteza mradi wako umekwenda na maji.

Ina sehemu mbili. Moja unapanga sura ya apu, kitufe kikae wapi, picha wapi, maandishi wapi, nyingine ndio ya bloki, na bloki zinasomeka kama sentensi, kitufe kikibonyezwa fungua kamera, picha ikishapigwa iweke kwenye skrini. Zisizoendana hazishikani hata ulazimishe, kwahiyo yale makosa ya nukta na mabano yanayowaliza wanaoanza kuprogramu hapa hayapo kabisa. Makosa ya akili bado yapo, hayo hakuna bloki ya kuyazuia.

Ila utamu wenyewe uko kwenye Companion. Unaweka apu hiyo ndogo kwenye simu, unaskani alama ya QR au unaandika herufi sita zinazotokea kwenye kompyuta, basi, unachobadilisha kwenye kompyuta kinabadilika kwenye simu hapo hapo bila kuinstoli kitu upya. Watu wanaona hii ni raha ya kiufundi tu lakini kwangu ndio somo la uongozi lenyewe, kwasababu unaweza kumpa simu mtu atakayetumia apu, ukakaa pembeni ukanyamaza. Vijana wetu walikuwa wanatengeneza apu ya kuripoti matatizo ya shule, wakampa dogo mmoja wa darasa la chini aijaribu, akaishika, akaiangalia weee, halafu akauliza, "Kaka, nikituma si jina langu litaonekana?" Kimya. Kisanduku cha jina kilikuwa pale juu kabisa, kikubwa kuliko vyote. Kilitolewa palepale akiangalia, kwenye simu kikapotea mbele ya macho yake, na hapo ndio akaanza kusema mambo ya maana kuhusu nani anamwogopa nani na kwanini watu hawaripoti. Mkutano wa baraza la wanafunzi usingempa nafasi hiyo, angenyoosha mkono mpaka uchoke.

Na hilo la majina lina upande wa kiufundi ambao mwanaharakati lazima aujue kabla hajasambaza chochote. App Inventor ina TinyDB, inayohifadhi data ndani ya simu hiyo hiyo tu, halafu ina CloudDB ambayo data inaenda kwenye seva na watumiaji wote wa apu wanachota ghala moja. Kwa kura ya rangi ya fulana za klabu sawa, tumieni CloudDB mfurahi. Kwa ripoti za unyanyasaji usithubutu kuweka humo jina wala kisa cha mtu, hiyo sio kazi ya mradi wa shule. Hapo afadhali apu imwelekeze mtu kwenye msaada, kitufe cha kupiga simu, maelezo ya haki zake, mtu wa kumwona, na yenyewe isibaki na kitu.

Na apu ya kuelekeza kwenye msaada usiione ndogo. Mwaka 2017 wasichana watano wa sekondari kutoka Kisumu, Kenya, walifika fainali za Technovation, ile mashindano ya wasichana ya kutatua tatizo la jamii kwa teknolojia, wakiwa na iCut, apu ya kuwasaidia wasichana walio kwenye hatari ya kukeketwa wapate msaada wa kisheria na matibabu. Mwaka 2019 wakawa miongoni mwa waliofika hatua ya mwisho ya Tuzo ya Sakharov, tuzo ya haki za binadamu ya Bunge la Ulaya, kwa kazi waliyoianza wakiwa wanavaa sare za shule.

Sasa kinachokera. App Inventor haikutengenezwa kwa watu wawili kuhariri mradi mmoja kwa wakati mmoja, mradi unakaa kwenye akaunti moja na anayeshika mausi ni mmoja. Matokeo yake kwenye klabu unayajua, mmoja anaburuta bloki, wanne wamemzunguka kama wanaangalia mpira, na baada ya wiki chache yule mmoja anaitwa mwenye apu hata kama wazo halikuwa lake. Na mara nyingi ni yule mwenye kompyuta nyumbani. Unaweza kupunguza makali, kila mtu atengeneze skrini yake kwenye akaunti yake, mnatumiana faili za mradi, zile za .aia, na kuna zana ya pembeni ya kuunganisha miradi miwili, inafanya kazi ila ina masharti yake na majina ya skrini yasigongane. Mimi naona dawa kubwa ni kugawana kazi ambazo hazipo kwenye kompyuta, mmoja kazi yake kuwahoji watumiaji, mmoja kuandika maneno yote ya kwenye apu, mmoja kwenda kwa mwalimu mkuu na kurudi na jibu, na huyu wa mwisho asidharauliwe, apu nyingi za shule zinafia kwenye mlango wa ofisi hiyo.

Mengine ya haraka haraka. Companion kwa kawaida inataka simu na kompyuta ziwe kwenye waifai moja, na mitandao mingi ya shule inazuia vifaa kuonana, washeni hotspoti ya simu yaishe. Android ukimtumia mwenzako faili la apu anaiinstoli mwenyewe, simu itampigia kelele za onyo, iPhone mlolongo wake ni mrefu zaidi. Sura ya apu inakuwa ya kawaida sana, asije mtu akategemea urembo. Na mradi ukishakuwa mkubwa zile bloki zinajaa skrini mpaka unapotea humo, hapo ndio wakati wa kuhamia lugha ya kuandika, Python ile ile waliyokutajia mwanzo.

Nyota nne kati ya tano, moja nimeinyima kwa hilo la mausi mmoja. Ukiifungua anza na HelloPurr, ni paka anayelia ukimgusa, hata kama wakubwa wa klabu wataona ni ya kitoto msiiruke, na mpeni mausi yule ambaye hajawahi kuishika.