Mazda Roadster au BMW Z4 kwa Mwanza?

Zote ni gari za viti viwili za kufungua paa, zote zinasukuma kwa matairi ya nyuma, zote ziko chini. Matuta utayapanda kimshazari. Roadster ya 1998–2005, ambayo nje ya Japani ni MX-5, ina uzito wa kama kilo 1,000 na injini ya lita 1.6 au 1.8 ambayo fundi wa kawaida anaielewa. Tatizo ni paa lake la turubai. Bonyeza zulia kwa kidole: likitoa maji, vijitundu vya kutolea maji ya paa vimeziba na huenda kutu imeanza chini ya milango.

BMW Z4 ya 2009–2016 ina paa gumu linalojikunja kwa umeme. Raha ukiegesha mjini. Ila ukilikunja, buti hubaki lita 180 (sato wa Kirumba atakaa na wewe mbele), na tairi la akiba halina. Mimi nachukua Mazda.