Kumkamata mtuhumiwa au kumhifadhi shahidi?

Tanzania iliridhia Mkataba wa Roma mwaka 2002. Mahakama ya Kimataifa ya Jinai iliyoko The Hague, iliyoundwa na mkataba huo, haina polisi wake, hivyo kesi za uhalifu wa kivita hutegemea nchi wanachama, kwa kukamata watuhumiwa na kuwaficha mashahidi walio hatarini. Nchi kama yetu ianze na lipi?

Kukamata ni kazi ya muda mfupi. Tuseme mtu ambaye mahakama hiyo imemtolea hati ya kukamatwa ametua uwanja wa Julius Nyerere. Akishikwa, anafikishwa mbele ya hakimu bila kuchelewa. Kwa Ibara ya 59 ya mkataba huo, hakimu huangalia mambo matatu: je, hati inamhusu yeye hasa, utaratibu umefuatwa, haki zake zimeheshimiwa? Kuhoji kama hati ilitolewa sawasawa haruhusiwi. Kinachokwamisha kwa kawaida ni siasa, si sheria: Juni 2015 Omar al-Bashir, rais wa Sudan wakati huo aliyetafutwa na mahakama hiyo, aliondoka Afrika Kusini ilhali mahakama ya Pretoria ilishaamuru asitoke.

Kumhifadhi shahidi hakuna kamera wala vichwa vya habari, na huchukua miaka. Hata hivyo, kwa nchi isiyotaka mgogoro na majirani, tungeanzia hapa. Makosa haya hayana ukomo wa muda, mtuhumiwa anaweza kungojwa. Shahidi akitishwa, ushahidi umepotea. Anahitaji nyumba, vitambulisho, shule ya watoto, na maofisa wachache wanaoijua siri. Gharama zina mfuko maalumu wa mahakama hiyo kwa nchi zenye nia bila uwezo. Ugumu ni lafudhi: mtu wa Goma, Kongo, akitafuta chumba Tandika, Dar es Salaam, mwenye nyumba atamtambua kabla hajataja jina.