Uzoefu wangu wa miezi saba na mashine ya kung'arishia mawe

Mashine ninayoieleza hapa ni ile ndogo ya kuzungusha, yenye pipa moja la mpira linaloweza kubeba kilo 1.4 kwa jumla, yaani mawe, maji na unga wa kusagia vikiwa pamoja. Niliiagiza mwezi wa Januari kutoka kwa muuzaji wa Marekani, ikanigharimu takriban shilingi 19,000 pamoja na usafirishaji hadi Nairobi, na tangu hapo imekuwa ikizunguka usiku na mchana kwenye roshani ya kufulia, isipokuwa kwa wiki chache za matatizo nitakayoyasimulia. Nimekamilisha mikupuo minne, yaani mara nne nimelijaza pipa na kuyafikisha mawe hatua ya mwisho. Maelezo mengi niliyoyasoma kabla ya kununua yaliandikwa na watu wanaosaga mawe ya dukani, yaliyokwisha kuchaguliwa na kupasuliwa kwa kipimo. Mimi nasaga mawe niliyoyaokota mwenyewe, na kwa mawe ya namna hiyo sifa na dosari za mashine huonekana tofauti kabisa.

Nianze na umeme, maana hapo ndipo mnunuzi wa huku kwetu atakapopata hasara ya kwanza. Tangazo lilidai kuwa mashine hufaa kutumika popote, lakini lebo iliyobandikwa chini ya mota ilikuwa imeandikwa volti 120, hezi 60, ilhali umeme wa Kenya ni volti 240, hezi 50 (hezi ni idadi ya mawimbi ya umeme kwa kila sekunde). Nilinunua transfoma ya kushusha umeme hadi volti 110 nikadhani nimemaliza kazi. Siku ya nne mota ilikuwa imepata moto kiasi kwamba sikuweza kuishika kwa zaidi ya sekunde mbili, na nilipohesabu mizunguko ya pipa nikiitazama saa ya ukutani nilipata 33 kwa dakika, ingawa kijitabu kiliahidi 40. Fundi mmoja wa Luthuli Avenue, mtaa wa vifaa vya umeme jijini Nairobi, ndiye aliyenifumbua macho. Alinieleza kwamba transfoma hubadilisha volti tu wala haigusi hezi, na kwamba mota iliyotengenezewa hezi 60 ikilishwa umeme wa hezi 50 hupoteza sehemu moja ya sita ya mwendo wake, kisha huvuta mkondo mwingi kuliko inavyostahili hadi ikachemka. Alinifungia mota nyingine ya volti 240 kwa shilingi 2,500, pipa likarudi kwenye mizunguko 39, na tangu siku hiyo sijawahi kusikia harufu ya waya unaoungua. Muuzaji nilipomwandikia alinijibu kwamba kusoma lebo ni jukumu la mnunuzi, jibu ambalo halikunipendeza, kwa sababu lebo yenyewe haikuonyeshwa katika picha yoyote ya tangazo lake. Kwa hiyo kabla ya kulipa, omba picha ya lebo ya mota. Ile inayotumia adapta ya volti 100 hadi 240 haitakusumbua hata kidogo.

Gharama ya kuiendesha ni ndogo. Mota ya wati 25 ikizunguka saa 24 hutumia uniti 0.6, yaani chini ya uniti 17 kwa wiki nne. Umeme ukikatika mawe hayaharibiki, hutulia tu chini ya pipa, ila nimejifunza kuhesabu saa za kazi wala si siku, na kwa ajili hiyo daftari dogo limening'inizwa kando ya mashine.

Sasa nije kwenye mawe, ambayo ndiyo sehemu ninayoipenda zaidi na ndiyo inayoamua kama utaridhika na mashine au utaiuza. Mengi ya mawe yangu ni ya kwatzi (quartz), madini magumu yanayong'aa kama kioo, nayo huyapata Machakos kando ya mito ya msimu, mahali ambapo watu huchekecha mchanga wa ujenzi na kuacha kokoto kubwa zikiwa zimerundikwa pembeni. Humo mna kwatzi nyeupe kama maziwa, nyingine ya rangi ya moshi, na mara chache ya waridi hafifu. Siku ya kwanza nilipoomba ruhusa ya kuchambua rundo, mzee mmoja aliyekuwa akichekecha aliniuliza, "Mwalimu, hizo takataka zetu unazibeba ziende wapi?" Nilimjibu kwamba naenda kuzisugua, akanitazama kwa huruma, akanisaidia kujaza ndoo.

Namna yangu ya kuchagua ni kubeba chupa ya maji na kulilowesha kila jiwe kabla ya kulitia mfukoni, kwa sababu rangi ya jiwe likiwa limelowa ndiyo rangi litakayokuwa nayo likishang'aa. Maji pia hufichua nyufa: jiwe huanza kukauka, lakini ufa hubaki na mstari mweusi wa unyevu. Jiwe lenye mstari kama huo mimi huliacha, hata liwe zuri namna gani, kwa kuwa ndani ya pipa litapasuka, au litaficha punje za unga mkali na kuzitoa baadaye wakati wa kung'arisha. Mawe ya chokaa nayo huyaacha. Tone la ndimu likitoa mapovu juu ya jiwe, basi hilo ni laini mno na halifai kuwekwa pamoja na kwatzi.

Jiwe la pili ninalolithamini ni obsidiani, kioo cheusi cha volkano kinachopatikana katika Bonde la Ufa kuanzia Naivasha na mlima Eburru hadi pande za Gilgil. Hapa lazima niseme jambo kwa uzito. Watu wa kale walitengeneza zana kwa jiwe hilohilo, na pale Kariandusi, karibu na Gilgil, zimechimbuliwa shoka za mkono za obsidiani ambazo hata leo makali yake yanaonekana. Sheria ya Makavazi na Turathi ya mwaka 2006 inalinda vitu kama hivyo, na mbuga ya Hell's Gate hairuhusu mgeni kuondoka na jiwe. Mimi huokota mabonge ya mviringo tu, katika kijito kilichomo ndani ya shamba ambalo mwenyewe amenikubalia kuingia, na nikikuta kibanzi chembamba chenye ukingo uliogongwagongwa kwa mpangilio, hukiacha palepale kilipolala. Kipande kama hicho kikitiwa ndani ya pipa, wiki moja inatosha kufuta kazi ya mkono wa mtu aliyeishi kabla ya historia kuandikwa, na hakuna mng'ao unaoweza kufidia hasara hiyo.

Mkupuo wangu wa kwanza uliharibika kwa kosa langu mwenyewe: nilichanganya kwatzi na obsidiani. Kwatzi ina ugumu wa 7 katika kipimo cha Mohs, kile kinachopima ugumu wa madini kuanzia 1 hadi 10, obsidiani ni kama 5.5, tena ni kioo. Baada ya wiki moja kila bonge la obsidiani lilikuwa na alama nyeupe za mviringo kwenye kingo zake, kama ukucha uliogongwa kwa nyundo, na alama hizo hazikutoka tena. Sasa obsidiani huisaga peke yake, pipa likiwa limejaa zaidi, na robo ya ujazo ikiwa ni vipande vya seramiki pamoja na punje za plastiki ili mabonge yasigongane.

Kazi nzima ina hatua nne, na kijitabu kinasema wiki nne: wiki moja kwa kila hatua. Kwa mawe ya kuokota maneno hayo si ya kweli, na hiyo ndiyo lawama yangu kubwa kwa bidhaa hii baada ya ile ya mota. Hatua ya kwanza hutumia unga mkali wa silikoni kabaidi, namba 60 hadi 90 (namba ikipanda, unga huwa laini zaidi), ambao ukiusugua kati ya vidole unauhisi kama msasa wa seremala. Hatua hiyo ndiyo inayoondoa mashimo na pembe zote; hatua zinazofuata hulainisha tu kile kilichokwisha kuumbwa. Unga wenyewe husagika ukaisha makali katika muda wa kama wiki moja, kwa hiyo kila baada ya siku saba nafungua pipa, nasuuza, nakagua jiwe mojamoja, natia vijiko vinne vipya vya mezani na kulirudisha. Mkupuo wangu wa pili, wa kwatzi tupu, ulihitaji wiki tatu katika hatua hii, na mawe yaliyoingia yakiwa na gramu 950 yalitoka na gramu 720. Pakiti iliyokuja na mashine ilitosha wiki moja tu. Afadhali muuzaji angeacha kile kifuko cha mawe yake, ambacho sikukihitaji, akajaza nafasi hiyo kwa unga mkali.

Nikiliona jiwe ambalo bado lina shimo dogo, silipeleki hatua ya pili eti kwa sababu wenzake wako tayari. Hulitia kwenye kopo lingine na kulirudisha mwanzo pamoja na mkupuo ujao. Mawe mawili yamepitia hatua ya kwanza katika mikupuo mitatu mfululizo, na sasa hayo ndiyo mazuri kuliko yote niliyo nayo.

Hatua ya pili, namba 150 hadi 220, na ya tatu, namba 500, hupita bila habari nyingi, mradi usafi uwepo. Usafi ndio kazi halisi ya burudani hii. Pipa la mashine yangu lina mfuo mwembamba chini ya kifuniko, na katika mkupuo wa pili punje chache za unga mkali zilijificha humo zikaja kukwaruza mawe yote wakati wa hatua ya mwisho. Niliyarudisha kwenye namba 500 kwa wiki nzima. Tangu siku hiyo nina mswaki wa mfuo huo peke yake, na pipa la kung'arishia nililinunua la pili, ambalo unga mkali haujawahi kuligusa. Ningemshauri mtu yeyote aagize mapipa mawili tangu mwanzo.

Tope linalotoka lisimwagwe kamwe kwenye sinki, kwa sababu hutuama ndani ya bomba na kuganda kama saruji. Mimi hulimwaga kwenye ndoo, likatulia humo usiku kucha, asubuhi nachota maji ya juu kisha tope lenyewe nalifunga kwenye mfuko likiwa bado bichi na kulitupa. Silisubiri likauke, maana vumbi lake ni silika, na silika ikivutwa mapafuni hudhuru. Kwa sababu hiyohiyo sivunji mawe bila kuyalowesha na kuvaa miwani.

Kelele ni za wastani, kama kokoto zinazotikiswa ndani ya sufuria iliyofunikwa. Nimeiweka mashine juu ya kipande cha zulia kuukuu na jirani wa chini hajalalamika, ila sijawahi kuifunika, kwa kuwa mota inahitaji hewa. Mkanda wa kwanza, ule unaopeleka mzunguko wa mota kwenye pipa, ulikatika mwezi wa nne. Wa akiba ulikuwemo ndani ya boksi, jambo ambalo nilishukuru.

Hatua ya mwisho hutumia oksidi ya alumini, unga mweupe laini kama wanga. Kipimo changu cha kujua kama imefanikiwa ni kulikausha jiwe kabisa kwa kitambaa cha pamba na kulishika mbele ya dirisha. Likionyesha mwanga tu kama doa, bado. Siku moja mwezi wa Mei nilishika jiwe la rangi ya moshi lisilozidi ukubwa wa kokwa ya embe, nikaona ndani yake nondo za dirisha langu, moja baada ya nyingine, zimepinda kufuata umbo la jiwe, na nyuma yake kamba ya nguo. Nilizihesabu nondo zote sita.

Ningeinunua tena? Ndiyo, kwa sharti la mota ya volti 240, mapipa mawili na kilo mbili za unga mkali, jambo linalofikisha gharama kwenye shilingi 27,000 hivi badala ya zile 19,000 za tangazo. Pipa lenyewe ni imara, kifuniko hakijavuja hata mara moja, na beringi bado zinazunguka kama siku ya kwanza. Naipa nyota nne kati ya tano, na ile moja iliyopungua ni ya lebo iliyofichwa na wiki nne zilizoahidiwa.

Mwezi wa Julai nilirudi Machakos na kumkuta yule mzee palepale mtoni. Nilimpa jiwe moja la waridi lililotoka kwenye rundo lake. Alilishika, akalifuta kwenye shati, akalitazama, akalifuta tena kwa nguvu zaidi, halafu akaniuliza mbona halikauki.