Minotaur na Nunda: aliyelishwa na aliyeachiwa

Minotaur wa Krete, zimwi la hadithi za Wagiriki lenye mwili wa mtu na kichwa cha fahali, aliletewa chakula hadi mlangoni: wavulana 7 na wasichana 7 wa Athens, kodi waliyotozwa na mfalme Minos. Waliolika ni watoto wa wengine. Nunda wa hadithi yetu ya pwani alianza kama paka wa sultani. Akala ndama, akala mbuzi, hata ngamia. Watu walipolalamika, sultani akajibu kwamba paka ni wake na mali ni yake. Ikafika zamu ya wanawe. Kwangu huyu ndiye anayetisha, maana amefugwa nyumbani. Theseus, aliyemuua Minotaur, angalau alipewa na Ariadne, binti wa Minos, uzi wa kumwonyesha njia ya kutoka. Kitindamimba wa sultani, aliyetoka kumwinda, hakujua hata sura ya nunda. Alimburutia mama kila mnyama aliyemuua, mama akikataa: siye huyo.